Tundu la Kumi na Mbili

Meza ya kulia ilitekwa Jumatatu. Gaynor alirudi kutoka jikoni mwa shule, ambako alikuwa amewapondea watoto mia mbili na arobaini viazi ambavyo nusu yao walivirudisha kwenye sahani, akakuta sanduku la kioo limelala juu ya meza yake kutoka ncha hadi ncha. Mumewe Howard alikuwa ameliinamia, amevaa glavu nyeupe kama mhudumu wa mazishi.

"Tutakula wapi?" Gaynor aliuliza.

"Usiguse."

"Sijagusa. Nauliza tutakula wapi."

"Magotini. Siku tano tu, mke wangu. Jumamosi linaondoka."

Ndani ya sanduku mlitandikwa mahameli ya buluu yenye matundu kumi na mawili ya duara, kila moja kama mdomo wa chupa ya maziwa. Matundu kumi na moja yalikuwa na medali. Zote zilitoka siku moja: siku ya Juni mwaka 1953 alipotawazwa malkia, na mji wa Harthwaite, kama miji mingine yote ya kaskazini, ukawafanyia watoto wake mbio na kuwagawia medali. Upande wa mbele kichwa cha malkia na taji lake. Upande wa nyuma, jina la mshindi na mbio yake, vimechongwa kwa mkono.

Kwa miaka thelathini na mmoja Howard alisoma mita za gesi za mji huu. Mita hukaa chini ya ngazi na nyuma ya makabati, na huko huko ndiko watu wanakotupia vitu wasivyoweza kuvitupa. Medali ya mbio za magunia aliipata ndani ya kopo la vifungo. Ya yai na kijiko ilikuwa imeegemeza dirisha lililolegea. Ya mbio za miguu mitatu, wakimbiaji wawili wamefungwa mguu kwa mguu, alibadilishana kwa kumtengenezea mjane mmoja bomba linalovuja. Wiki moja kabla ya mfalme mpya kutawazwa, ukumbi wa mji ungeonyesha mkusanyiko wake kwa watu wote, na Howard alikuwa hajalala vizuri tangu mwezi wa pili.

Tundu la kumi na mbili lilikuwa tupu. Lilikuwa la yadi mia, wasichana chini ya miaka kumi na moja. Kwa mujibu wa kipande cha gazeti ambacho Howard alikihifadhi ndani ya plastiki, mshindi alikuwa B. Entwistle. Na B. Entwistle hakuwa mbali. Alikuwa ndiye Beryl, mama mzazi wa Gaynor, mwenye miaka themanini, ameketi chumba cha mbele hatua tatu kutoka hapo, televisheni ikiunguruma.

"Nenda ukamuulize," Howard alinong'ona.

"Nenda mwenyewe. Una miguu."

"Nimekwenda mara nne. Mara ya mwisho alinipandishia sauti ya televisheni."

Gaynor alikiona kibao cha shaba kilichokwisha kukazwa kwa skurubu chini ya sanduku: WASHINDI WA MICHEZO YA KUTAWAZWA KWA MALKIA, HARTHWAITE, 1953. SETI KAMILI.

"Kamili," alisoma. "Howard, kumi na moja ni kamili?"

"Itakuwa kamili."

"Umeshawaambia watu?"

Howard alivua glavu kidole kimoja kimoja, ishara ya kwamba jibu ni baya. Alimpa barua ya meya. Bi. Beryl, mshindi, angeketi mstari wa mbele, na meya mwenyewe angemvisha medali yake kwa mara ya pili, mbele ya mpiga picha wa gazeti.

"Na yeye anajua?"

"Nilidhani wewe utamwambia. Unajua kumwambia mambo."

Gaynor alikwenda. Hakuvua hata koti.

"Mama, ile medali yako ya mbio iko wapi?"

"Imepotea," Beryl alisema bila kuondoa macho kwenye televisheni.

"Krismasi ulisema umeigawa."

"Niliigawa. Ikapotea."

"Mama!"

"Mwambie mumeo akusanye stempu. Stempu hazina mama mkwe."

*

Jumatano Howard alifumaniwa. Beryl alikuwa amekwenda kutengenezwa nywele, ila mtengeneza nywele aliumwa na jino, kwa hiyo Beryl alirudi mapema, akisukuma fremu yake ya kutembelea polepole juu ya zulia lisilotoa sauti. Alimkuta mkwewe amepiga magoti chumbani mwake, mbele ya droo ya kabati, mikono miwili ya glavu nyeupe imeinua mkaja wake wa kiunoni.

"Natafuta betri," Howard alisema.

Gaynor aliporudi saa tisa alikuta begi jekundu limesimama karibu na mlango. Lilikuwa begi lile lile ambalo Beryl alikuja nalo kutoka nyumba yake ya namba kumi na tisa, mtaa huu huu, miaka miwili iliyopita baada ya kumzika mumewe, siku ambayo Gaynor aliondoa cherehani yake, kitambaa chake na amani yake kutoka chumba cha mbele ili mama apate dirisha linaloona barabara.

"Nimepiga simu makao ya wazee, Fernlea," Beryl alisema. "Wana kitanda. Gari linakuja Jumamosi saa nne asubuhi."

"Fernlea! Mama, wewe mwenyewe ulisema Fernlea kunanuka supu ya kabichi."

"Nitazoea."

"Howard amekosa. Ataomba radhi. Howard! Njoo uombe radhi!"

"Nimeomba mara tatu!" sauti ya Howard ilitoka jikoni.

"Si Howard," Beryl alisema. "Howard ni mjinga tu, na mjinga mtu huishi naye. Ni hiyo Jumamosi yenu. Barua ya meya nimeisoma. Mimi siendi kuketi mstari wa mbele. Huko Fernlea hakuna mtu wa mji huu. Hakuna atakayeniuliza kitu."

Gaynor alikuwa na hasira nyingi mno, hakujua aanze na ipi. Alikuwa amebadilisha saa zake za kazi kwa ajili ya huyu mwanamke. Alikuwa amejifunza kumkata kucha za miguu. Sasa kipande cha chuma ambacho hakinunui hata mkoba mzuri kilikuwa kinamtoa mama yake nyumbani, na wote wawili, mama na mume, walimtazama yeye kana kwamba jibu liko mfukoni mwa aproni yake.

"Mtu mzima anahama nyumba kwa sababu alishinda mbio," alisema. "Sijapata kuona."

Beryl aliinama akafunga zipu ya begi, ingawa ilikuwa imefungwa tayari.

*

Ijumaa huliwa samaki wa kukaanga na chipsi. Katika nyumba hii, Ijumaa pia ni siku ya kupanda kilima.

Duka la samaki la kona lilikuwa hatua sitini kutoka mlangoni. Tangu Gaynor ana miaka saba, hawakununua hapo. Walipita mbele ya dirisha lake, wakapanda kilima chote hadi duka la juu, wakasimama foleni, wakateremka na chakula kilichokwisha poa, kwa sababu Beryl alisema mafuta ya kona yananuka. Gaynor alipanda kilima hicho kwenye theluji. Alikipanda na mimba ya miezi minane. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa, goti la kulia linalia kama mlango, na Ijumaa hiyo mvua ilikuwa inanyesha kwa ubavu. Alifika kona, akatazama kilima, akasema neno ambalo wapishi wa shule hawaruhusiwi kulisema, akaingia.

Bwana Lau, mwenye duka, alimfungia samaki watatu kwa karatasi nyeupe. "Karibu, mama. Mgeni mtaani?"

"Nimezaliwa hapo namba kumi na tisa," Gaynor alisema, akaona aibu bila kujua ya nini.

Dakika mbili baadaye samaki walikuwa sahanini, wanatoa moshi. Howard alishika uma. Beryl alitazama karatasi.

"Hawa ni wa wapi?"

"Wa kona."

Beryl alisukuma sahani. "Amekuona?"

"Nani? Bwana Lau? Lazima anione, mama, ndiye aliyeniuzia."

"Rita. Rita amekuona?"

"Rita yupi?"

Howard, ambaye alijua kila mita na kila jina, alisema, "Rita Kershaw. Alikuwa na lile duka kabla ya yule aliyemuuzia Lau. Bado anakaa ghorofani."

Hapo Gaynor akalipuka. "Mafuta yananuka! Miaka hamsini na miwili napanda kile kilima! Duka limebadilisha wenyewe mara mbili, mama, mafuta ni yale yale? Niambie una nini na huyo Rita, au hiyo Jumamosi nakupeleka Fernlea mimi mwenyewe, kwa miguu, kupitia kilimani!"

Beryl aligeukia televisheni, lakini ilikuwa imezimwa kwa ajili ya chakula.

"Ndiye aliyeshinda," Beryl alisema.

"Aliyeshinda nini?"

"Yadi mia. Mimi nilikuwa wa pili."

Howard aliweka uma chini. "Hapana, Mama. Gazeti linasema..."

"Gazeti lilipewa orodha Jumatatu. Mbio zilikuwa Jumanne."

Alilisema kwa uso mkavu, kama mtu anayesoma risiti. Mchujo ulifanyika Jumamosi kabla, na Beryl aliwaacha wenzake mbali sana. Sonara aliyechonga majina alikuwa na tiketi ya treni ya kwenda London kuona msafara wa malkia; hakutaka kubaki nyuma kwa ajili ya medali kumi na mbili. Kwa hiyo kamati ilimpa majina ya waliokimbia kasi zaidi kwenye mchujo, akayachonga yote Jumapili, akaondoka. Nani angejua? Siku yenyewe ilinyesha mvua, uwanja ukawa tope, wakahamishia mbio kwenye ua wa kiwanda cha nguo. Njia ya sita haikuwa na mtu. Wakamwita mtoto mmoja wa kituo cha yatima, ambacho watoto wake hawakuletwa kwenye mchujo, aje kujaza nafasi.

"Alivua viatu," Beryl alisema. "Vilikuwa vikubwa. Alikimbia peku juu ya mawe. Nilimwona mgongo tu."

"Na kamati?" Gaynor aliuliza.

"Baba yangu ndiye alikuwa katibu wa kamati. Alisema jina limeshachongwa, halifutiki. Nikapandishwa juu ya kreti, nikavishwa, watu wakapiga makofi. Rita akapewa kikombe cha chai chenye picha ya malkia. Kila mtoto alipewa kikombe. Hata waliokuja kutazama."

Samaki walikuwa wamepoa. Hakuna aliyewakumbuka.

"Iko wapi, mama?"

Beryl alisimama na fremu yake akaenda chumbani, nao wakamfuata. Kwa miaka arobaini alikuwa ameshona mapazia ya watu, na mapazia ya chumba hiki alikuja nayo mwenyewe, yakatungikwa na Howard. Aliinua pindo, akalikata nyuzi kwa mkasi mdogo. Pazia jema hutiwa uzito kwenye pembe ili lining'inie sawasawa. Kutoka pembe ya kushoto kikadondoka kipande cha madini ya risasi. Kutoka pembe ya kulia ikadondoka medali.

"Nimelifungua hilo pazia kila asubuhi," Howard alisema kwa sauti ndogo.

Aliiokota kwa leso. Mbele, malkia alikuwa mzima. Nyuma hapakuwa na kitu ila mikwaruzo, mikwaruzo juu ya mikwaruzo, mbaya, ya mkono wa mtoto.

"Umeipiga tupa!"

"Tupa ya baba, kesho yake asubuhi, nimekaa kizingitini. Akanichapa nayo."

"Mama, hii ilikuwa... Hii sasa haifai hata..." Howard aliketi juu ya kitanda. Kisha wazo lingine likamfikia, na Gaynor akaliona likimfikia. "Ngoja. Sonara alichonga zote kumi na mbili Jumapili?"

"Zote."

"Magunia? George Tattersall?"

"George alikuwa na surua. Alishinda akiwa kitandani."

"Yai na kijiko?"

"Yule alidondosha yai mbele ya kila mtu. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu."

"Basi kibao changu," Howard alisema. "Washindi. Nimeandika washindi."

"Kibao chako!" Gaynor alisema. "Mtu amebeba jambo miaka sabini ndani ya pazia, wewe unalilia kibao!"

"Nalilia vyote," Howard alisema, na kweli macho yake yalikuwa na maji.

*

Jumamosi saa mbili asubuhi Gaynor alipanda ngazi za nje za duka la kona, medali imefungwa kwenye leso. Hakuwa na mpango. Alikuwa na saa mbili kabla ya gari la Fernlea, na alizoea kwamba sufuria ikifurika mtu hukimbilia moto kwanza.

Rita Kershaw alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyopauka kwa miaka ya mafuta na maji. Alisikiliza mlangoni, bila kumkaribisha. Gaynor alifungua leso.

"Mama anataka uichukue."

"Amesema hivyo?"

"Hapana," Gaynor alikiri. "Nasema mimi."

"Wewe ndiye yule msichana aliyekuwa anapita na karatasi ya duka la juu," Rita alisema. "Kila Ijumaa. Ulikuwa unatazama chipsi zangu dirishani kama mbwa." Akaifunga leso, akamrudishia. "Mwambie mama yako ana mdomo na ana miguu. Mimi sipokei kitu cha miaka sabini kwa tarishi."

"Miguu yake si mizuri."

"Hata yangu. Nitashuka mpaka dukani. Zaidi ya hapo sishuki."

Gaynor alirudi akayasema yote kama yalivyosemwa, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuyapamba. Beryl alikuwa ameshavaa koti na kofia, begi liko miguuni.

"Sikukutuma," Beryl alisema.

"Najua."

"Sasa ananingoja?"

"Anakungoja. Hatua sitini, mama. Ukitaka kwenda Fernlea nenda, nitatia saini, nitakuletea keki kila Jumapili. Lakini usiniambie tena habari ya mafuta."

Saa nne kamili gari likapiga honi. Dereva, kijana mchangamfu mwenye beji ya jina, alibeba begi jekundu, akashusha kijukwaa, akampandisha Beryl na fremu yake, akamfunga mkanda. Howard alisimama kizingitini na glavu zake mkononi. Gaynor alitia saini karatasi juu ya boneti. Kalamu ilichana karatasi. Alikuwa amejiambia hatalia mbele ya dereva, na hakulia. Alimkemea kwa kuegesha vibaya.

Gari likaondoka. Likafika kona. Taa za breki zikawaka.

"Ameugua!" Howard alisema, wakakimbia wote wawili, goti la Gaynor likilia.

Walimkuta dereva anashusha kijukwaa, amechanganyikiwa. "Anasema ashushwe hapa. Nimemwambia Fernlea ni maili sita!"

"Siwezi kutembea hatua sitini kwenye baridi hii," Beryl alisema. "Na gari lenyewe lilikuwa linapita. Begi langu, kijana. Asante."

*

Duka lilikuwa halijafunguliwa. Bwana Lau alikuwa anakata viazi; aliona sura za wale waliokuwa wakiingia, akaweka viti viwili, akarudi kwenye viazi vyake na kukata kimya kimya.

Rita alikuwa amekwisha kuketi. Beryl aliketi. Walitazamana kama watu wanaongoja kuitwa kwa daktari.

"Nimekuletea," Beryl alisema, akaweka medali juu ya kaunta.

Rita aliigeuza. "Mbona hamna jina?"

"Nililifuta."

"Umelifuta upogo."

"Nilikuwa na miaka kumi, Rita."

"Mimi pia nilikuwa na miaka kumi." Rita aliigeuza tena. "Sikiliza nikwambie. Hii sikuililia. Kituoni tulizoea, vitu vilikuwa vya wenye mama. Ila nilipofungua duka hili nilisema, Beryl anakaa hapo tu, atakuja. Miaka thelathini na mitano, kila Ijumaa, unapita dirishani umegeuza uso. Nikajua sababu. Nikasema, huyu hawezi kula chakula kilichoshikwa na mtoto wa yatima."

Rangi ilimtoka Beryl. "Hapana! Siyo hivyo. Sikuweza kukutazama. Rita, siyo hivyo hata kidogo."

"Sasa mimi ningejuaje? Ulikuwa unanipa mgongo." Rita aliegemea mbele. "Na ni kweli ulisema mafuta yangu yananuka?"

"Nilimwambia Gaynor tu."

"Na mimi nikaliambia darasa zima," Gaynor alisema kutoka mlangoni. Hakuna aliyemwomba aseme, lakini siku ilikuwa ya kusema.

Bwana Lau alikata kiazi kimoja kwa sauti kubwa kuliko vingine.

"Nilikushinda kwa hatua ngapi?" Rita aliuliza.

Beryl alitazama mikono yake. "Mbili."

"Nne."

"Tatu, Rita. Nilikuwa hapo."

"Nne, Beryl. Mimi ndiye niliyekuwa mbele."

"Ukiwa mbele huoni nyuma."

"Niligeuka."

Beryl alivuta pumzi. Gaynor aliona bega la mama yake likishuka, bega ambalo hakuwahi kujua kwamba lilikuwa limepandishwa.

"Nne," Beryl alisema. "Na ulikuwa peku. Nilipaswa kusema pale pale juu ya kreti. Sikusema. Nisamehe."

Rita alimsukumia Howard medali juu ya kaunta. "Wewe ndiye mtu wa medali? Mimi sitaki kitu kisicho na jina. Andikisha."

Howard alirudi nyuma kana kwamba medali inauma. "Bibi, haiwezekani. Medali ya zamani haichongwi upya. Kwa mkusanyaji hilo ni kosa kubwa kuliko yote. Ukichonga jina jipya juu ya..."

"Juu ya nini?" Gaynor aliuliza.

Howard aliwatazama wanawake watatu, mmoja mmoja. Alitafuta msaada kwa Bwana Lau, ambaye aliinamia viazi.

"Sokoni kuna fundi viatu," Howard alisema hatimaye. "Huchonga majina kwenye vibati vya shingoni mwa mbwa."

"Basi kimbia," mkewe alimwambia. "Ufunguzi saa nane."

Fundi viatu alisimulia baadaye kwamba katika maisha yake ya kazi hajapata mteja kama yule: alilipa, akataja jina, akaandika kila herufi kwenye karatasi mara mbili asije akakosea, halafu mashine ilipowashwa akageukia ukuta na kuziba masikio.

*

Ukumbini, watu walikuja wengi kuliko viti. Kibao cha shaba kilikuwa kimefunguliwa, yameachwa matundu manne ya skurubu. Badala yake palisimama kadi iliyoandikwa kwa mkono: *Michezo ya Kutawazwa, Harthwaite, 1953. Majina yalichongwa kabla ya mbio. Anayejua ni nani hasa aliyeshinda, amwambie mwenye mkusanyiko.* Ndani ya tundu la kumi na mbili Howard alikuwa ameweka kikaratasi: *Mwenyewe ameivaa.*

Meya alikuwa ameandaliwa hotuba kuhusu washindi. Aliisoma kadi, akaitazama hotuba, akaifupisha. Aliuliza kwa uangalifu amvishe nani.

"Nimeshajivisha," Rita alisema. Alikuwa ameibandika kwa pini ya nepi kwenye sweta yake. Beryl aliketi pembeni yake, mstari wa mbele, begi jekundu chini ya kiti kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kulirudisha nyumbani. Mpiga picha alipomwomba asogee kando kidogo, Rita alimshika mkono wa koti, akasema huyu ni wa pili, na wa pili hupigwa picha.

Wazee walipanga foleni mbele ya sanduku. Mmoja alisema mbio za magunia alishinda kaka yake. Mwingine akasema uongo, alishinda yeye. Howard aliandika kwa penseli mpaka ikaisha ncha, glavu zimesahaulika mfukoni, na Gaynor, aliyemjua kwa miaka thelathini na sita, hakukumbuka lini alimwona na raha namna ile. Jambo hilo nalo lilimkera. Wiki nzima ya mateso, kumbe dawa ilikuwa kukosea.

Saa kumi na moja walirudi mtaani kwa teksi, wanne, na fremu, na begi. Kwenye kona Beryl alimgusa dereva begani.

"Simama hapa. Gaynor, shuka uchukue samaki wanne."

"Leo Jumamosi, mama."

"Nina njaa ya jana."

Gaynor aliingia. Bwana Lau alifunga, akaongeza chipsi bila kuulizwa. Nyumbani sanduku la kioo halikuwepo. Meza ilikuwa meza tena, na mtu akaleta kiti cha jikoni kwa ajili ya Rita. Gaynor alikuwa amesimama tangu alfajiri. Hakungoja mtu. Alimega kipande kikubwa cha samaki, akakitia mdomoni jinsi alivyotia samaki wa Ijumaa maisha yake yote, bila kupuliza.

Akaruka. Akashika mdomo. Machozi yalimtoka.

"Nini?" Howard aliuliza.

"Wa moto!" Gaynor alisema, ulimi nje. "Yaani wa moto kabisa! Kwa nini hamkuniambia?"

"Pulizia kwanza, mwanangu," Rita alisema, akimsogezea maji. "Hao hawajatoka kilimani."